Maji yamechemka kwa 94 na nusu, ticha anasema ni 100. Nani ako sawa?

golikipa_wa_umoja

Wasee mambo, na wakubwa mlio humu hamjambo. Niko Form Three, shule ya kutwa hapa Eastlands, jina sitaji juu ticha anaweza kuwa humu ndani. Iko hivi. Wiki jana tulikuwa na praktiko ya fizikia, ile ya kuchemsha maji, unasoma themometa kila dakika 1 mpaka yachemke alafu unachora grafu. Sisi tuko wanne kwa kundi na themometa moja, mimi nikawa wa kusoma, wengine wanaandika. Maji yakapanda vizuri, 60, 70, 80, 90, yakafika 94 na nusu yakakwama. Na yanatokota kabisa jamani, mapovu makubwa, mvuke umejaa hadi kwa dirisha, lakini themometa haisongi. Tukangoja dakika 6 zaidi, wapi. Jamaa wa kundi letu akaniambia we andika 100 twende lanchi, kwani nani hajui maji huchemka kwa 100. Nikakataa, nikaandika venye nimeona.

Vitabu vimerudi jana. Nimewekwa X na wino mwekundu, "maji huchemka 100, soma themometa vizuri". Nimepata 4 kwa 10. Kundi la nyuma yetu, ambao niliwaona na haya macho yangu wakichora grafu hata moto hawajawasha, wamepata 9.

Nilimfuata ticha ofisini, kwa heshima, akaniambia themometa za shule ni za kitambo hazisomi poa. Sasa kama themometa ndio mbovu mbona kosa ni langu?

Najua wengine mtasema ni maksi tu niachane nayo. Shida ni mimi napenda kupima vitu, ndio hobi yangu. Mpira nacheza lakini huwa nawekwa golini juu sijui kukimbia, kwa hivyo niko na wakati mwingi wa kuwaza. Nyumbani niko na daftari ya mvua, nimekata chupa ya plastiki nimeiweka juu ya paa na rula pembeni, nimeandika kila mvua tangu mwaka jana mwezi wa tatu. Klabu ya sayansi shuleni tuko watu 6, wengine wote walienda drama juu drama huwa na safari. Kwa hivyo swali langu ni mbili, themometa ilikuwa mbovu ama hapana, na nikikutana na hii kitu kwa mtihani niandike nini?

mjanja_wa_maksi

Buda andika 100 upate maksi zako uende. Shule si ya kutafuta ukweli ni ya kutafuta gredi, ukweli utautafuta ukishapata kazi 😂

fundi_wa_maabara

Kijana wangu, kwanza pole, na pili hongera. Nimeshika funguo za maabara za shule miaka 19 na nakwambia hiyo 94 na nusu yako ni moja kati ya namba safi nimeona mwanafunzi akileta. Themometa yako pengine haina neno. Hiyo 100 ni ya pwani.

Iko hivi. Maji yanapochemka, yale mapovu yanatokea chini ndani ya maji, ni mvuke, na huo mvuke lazima upate nguvu ya kusukuma hewa iliyokalia maji juu, la sivyo povu linafinywa linapotea. Hewa ina uzito. Usawa wa bahari, hewa yote mpaka juu mbinguni imekulalia, presha yake ni kama kilopaskali 101. Nairobi tumepanda juu, sehemu ya ile hewa tumeiacha chini yetu, presha inabaki kama 83 hivi. Hewa ikikandamiza kidogo mapovu hayahitaji joto jingi kutoka, kwa hivyo maji yanachemka mapema. Na yakishachemka hata uweke moto wa kuchoma nyumba joto haliongezeki, moto wote unaishia kugeuza maji kuwa mvuke. Ndio sababu mlingoja dakika 6 na hakuna kitu, na mngengoja mpaka bika ikauke.

Hesabu ya haraka ambayo sisi hutumia, kila ukipanda mita 300 hivi toa digrii 1. Uwanja wa ndege wa JKIA uko mita 1,624 juu ya bahari, na nyinyi Eastlands mko jirani. Gawanya na 300 unapata 5 na kitu. Toa kwa 100. Unaona imeangukia wapi?

Kuhusu mtihani, soma swali. Likisema usawa wa bahari ama presha ya kawaida, ni 100 na usibishane. Ikiwa ni praktiko andika ulichosoma, alafu pale kwa maelezo uandike kwa nini imekuwa chini. Mwalimu usimwendee na hasira, muombe mpime themometa kwa barafu. Barafu iliyopondwa inayoyeyuka, uichanganye na maji kidogo, ukoroge, hiyo ni 0 iwe Mombasa iwe Limuru, huko presha haisumbui kwa kiwango cha kuonekana. Themometa ikisoma 0 kwa barafu, mwachie yeye ajibu hiyo 94 inatoka wapi.

Na angalia mambo mawili, ile balbu ya chini isiguse kitako cha bika, inasoma moto wa kitako badala ya maji, na jicho liwe sawa na mstari, ukiangalia kutoka juu ama chini unajidanganya digrii nzima.

mama_githeri

Mimi fizikia niliacha Form Two lakini hii naijua kwa gesi. Nilikaa Mtwapa, huko pwani, miaka 4, maharagwe naweka saa nne, saa saba watoto wamekula. Tukahamia Kinangop kwa kina mzee, yale yale maharagwe, nayaloweka usiku mzima, naweka saa nne na saa tisa bado unauma yanaita kama changarawe. Mama mkwe akasema mimi ni mvivu wa kuchochea kuni. Nikaongeza kuni mpaka tukagombana na kuni. Kumbe shida ni hewa!! Aki ningejua hii miaka kumi iliyopita ningekuwa na la kumjibu. Aliponionyesha kutia magadi kidogo ndio nikapona, lakini ukizidisha githeri inakuwa na ladha ya sabuni.

fundi_wa_maabara

@mama_githeri mama mkwe alikosea kuhusu kuni lakini kwa magadi alikuwa sawa. Kinangop mko kama mita 2,500, maji yanachemka karibu 92, na maharagwe yanaivishwa na joto, mapovu ni kelele tu. Kuni zaidi zilikuwa zinakumalizia maji peke yake. Magadi inalainisha ile gundi inayoshikilia ganda. Dawa yenyewe ni presha kuka, unajitengenezea hewa nzito ndani ya sufuria, hata hapa Nairobi ndani inapita 110.

msoma_usiku

Hii imenikumbusha Charles Darwin. Mwaka 1835 akivuka milima ya Andes walipika viazi usiku kucha, asubuhi wakachemsha tena, bado vigumu. Akawasikia wenzake wawili wakijadiliana sababu ni nini, wakaamua ni sufuria, ati ni mpya na haitaki kuchemsha viazi. Golikipa ticha wako ako kwa hiyo kamati ya sufuria 😂

Na huyo Celsius mwenyewe, Msweden, alipotoa kipimo chake mwaka 1742 aliweka 0 kwa maji yanayochemka na 100 kwa barafu, kinyume na sasa, watu wakaja kugeuza baadaye. Na alishajua kwamba maji kuchemka kunategemea presha ya hewa. Kwa hivyo hata mwenye 100 yake angekupa maksi.

swali_tu

Ngoja kwanza, mnanitisha. Kama maji ya Nairobi hayafiki 100, ina maana sisi wenye tunachemsha maji ya mfereji ya kunywa tunajidanganya? Kipindupindu je?

fundi_wa_maabara

Kunywa bila wasiwasi. Vijidudu vinavyoleta kipindupindu na homa ya matumbo havingoji 100, hata 70 vinakufa ukivipa dakika chache. Yaache yatokote kabisa dakika 1, na ukiwa juu ya mita 2,000 kama kina mama Kinangop, dakika 3. Yapoe kwa chombo safi chenye kifuniko, watu wengi wanachemsha vizuri alafu wanachota na kikombe kichafu.

mjanja_wa_maksi

Na chumvi je? Mimi nilisikia ukitia chumvi maji yanapanda, si dogo angetia chumvi tu afikishe 100 watu tukalale

fundi_wa_maabara

Kijiko kikubwa kwa lita moja hata nusu digrii hupandishi. Ili afikishe 100 kwa Umoja angemwaga chumvi ya kuhifadhi papa. Na wewe na 100 yako mna nini?

@golikipa_wa_umoja jambo moja kabla sijasahau, usibebe themometa ya shule kwenda nayo jikoni kwenu. Ikiwa ndani ni rangi ya fedha hiyo ni zebaki, ikivunjika kwa sufuria ya chakula ni sumu. Na ile ya homa ya duka la dawa usitie kwa maji moto, inaishia 42, itapasuka.

golikipa_wa_umoja

Wasee nimerudi. Samahani nimechelewa, simu ni ya mathe na alikuwa ameenda nayo ushago.

Nilifanya venye fundi alisema. Barafu nilitoa kwa friji ya jirani nikaibeba kwa chupa ya chai, ikafika shule imeyeyuka nusu lakini fundi mwenyewe amesema iwe inayoyeyuka so nikasema poa. Ticha alikuwa anasahihisha, nikamwambia ticha naomba tuangalie kama themometa ndio mbovu ili nisirudie kosa. Nilisema hivyo hivyo, kwa upole, sikutaja Celsius wala Darwin. Akaangalia saa, akasema dakika 20.

Tulipima themometa zote 5. Nne zimesoma 0, moja yake iko juu kidogo ya mstari lakini ni 0. Ya tano ikasoma 3. Kwa barafu! Ticha akaigonga gonga, ikabaki 3. Sasa tukachemsha maji, tukaziingiza moja moja, balbu iwe ndani ya maji isiguse chini. Zile nne, 94, 94 na nusu, 94 na nusu, 95. Ile mbovu ndio ilisoma 97 na nusu. Yaani themometa mbovu ndio iko karibu na kitabu kuliko zote!!

Ticha alinyamaza kama dakika nzima. Alafu akachukua ile daftari yangu, nikadhani anarudisha maksi, akaandika pembeni "mita ngapi?" akanirudishia. Nikamwambia 1,600 na kitu. Akauliza nimejuaje, nikamwonyesha hesabu ya kugawa na 300. Akasema shangazi yako si huwa unasema ako Likoni, pwani, mwambie achemshe huko atuletee namba. Shangazi hana themometa lakini nitaona vile nitafanya, Disemba tunaenda.

Maksi hajarudisha, bado ni 4. Lakini ile themometa ya 3 ameifunga karatasi imeandikwa USITUMIE, na ametangaza Jumatatu darasa lote linarudia praktiko, kila kundi liwashe moto mbele yake. Wale wa kundi la nyuma hawaniongeleshi.

mama_githeri

Wachana nao mwanangu. Na wewe ukienda Likoni beba maharagwe pia, robo kilo, uweke saa.

mjanja_wa_maksi

Hao wa nyuma wako na haki ya kukasirika bana, 9 yao ilikuwa imetulia 😂