Grafu za R kwenda kwenye faili: pdf(), png() au ggsave()?

Mtafiti_Dunga
Hamjambo. Nina data ya omena kutoka fuo kadhaa za Kisumu, na nachora kwa R, lugha ya kompyuta ya takwimu, grafu moja kwa kila ufuo. Nikiendesha skripti kwa Rscript (amri ya kuendesha skripti nzima bila kufungua R), zote zinarundikana ndani ya Rplots.pdf. Nataka kila moja iwe na faili yake: za kuprinti kwenye ripoti, na za kuwatumia wavuvi kwa WhatsApp. Mnanishauri njia gani?

Mama_Takwimu
Mwanangu, ikiendeshwa kwa Rscript, R huandika Rplots.pdf yenyewe, usipoielekeza kwingine. Kwa ripoti, mimi ni pdf() tu. Mistari na herufi hubaki safi hata ukikuza namna gani. Fungua pdf(), chora, funga kwa dev.off(). Usipofunga, faili haikamiliki, na grafu ya ufuo unaofuata, usipoifungulia faili yake, itaingia humo humo.

Saiba_Kondele
Kwa WhatsApp tumia png(), mvuvi aione picha papo hapo. Ila vipimo! Usipovitaja unapata pikseli 480 kwa 480, na kwa nukta 300 kwa inchi hiyo ni inchi 1.6 tu ya karatasi. Wengi wanaoniletea kazi huongeza res=300 (nukta kwa inchi) peke yake. Pikseli zinabaki zile zile 480, herufi zinavimba, na mara nyingi R inakataa kuchora ikidai pambizo ni kubwa mno. Andika width=6, height=4, units="in", ndipo uweke res=300. Tafadhali msiruke hiyo units.

Mwalimu_Njoro
Kama unachora kwa ggplot2, kifurushi cha R cha kuchorea grafu, chukua ggsave(). Inatambua aina ya faili kwa mwisho wa jina, na nukta 300 kwa inchi ziko tayari. Itajie grafu kwa plot=, la sivyo inahifadhi ile ya mwisho. Grafu za plot() ya kawaida haizishughulikii.

Mtafiti_Dunga
Asanteni sana. Na grafu yenye nukta laki kadhaa za joto la maji ya ziwa?

Mama_Takwimu
Hiyo iweke PNG hata kwenye ripoti. PDF huandika kila nukta kivyake. Faili inakuwa nzito na printa inakwama. Grafu za fuo zako ziache kwenye PDF.

Mwalimu_Njoro
Ukitumia ggplot ndani ya kitanzi (loop) pamoja na pdf(), izungushie print(), ama utapata faili isiyo na grafu.