Naomba ushauri: dada anapigwa, mtoto ndiye anayeharibika
Habari zenu wakuu. Dada yangu kaolewa hapa Ujiji, shemeji ni mvuvi wa dagaa. Mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi haitoki, anashinda nyumbani, na hapo ndipo kipigo huanza. Mtoto wao wa darasa la pili, ambaye hata hajaguswa, siku hizi anakojoa kitandani. Akisikia komeo la mlango anaingia uvunguni. Hilo linaniuma mno.

Wazee wanasema avumilie. Sikubaliani nao, Sheria ya Ndoa ya 1971 haimpi mume ruhusa ya kumpiga mke. Dawati la jinsia polisi nalijua, ila dada anaogopa: shemeji akiwekwa ndani, watoto watakula nini?

Mliopitia haya, nianzie ustawi wa jamii au nimwondoe dada kwanza? Na mtoto nimsaidieje?