Naomba ushauri: bendi yetu ya roki ianze na nyimbo za bure kama Arctic Monkeys?

Nyuzi Sita
Wakuu, heshima kwenu. Bendi yetu ni ya watu wanne: mwimbaji anayepiga gitaa, gitaa la pili, besi na dramu. Nyimbo zetu wenyewe zilizokamilika ni kumi, na fedha ya studio inatosha siku mbili tu. Wenzangu wanataka tumwage zote mtandaoni bure kwa kuwa Arctic Monkeys, bendi ya roki ya Uingereza, walitokea MySpace, ule mtandao wa kijamii wa zamani. Njia hiyo inafaa? Na kwa siku mbili turekodi ngapi?

Mdau wa Kumbi
Mkuu, habari ya MySpace husimuliwa nusu. Vijana wale wa Sheffield walianza 2002, wakapiga kumbi ndogo, na kwenye shoo wakagawa CD za demo (rekodi za majaribio) walizochoma wenyewe. Zilikuwa chache, ndiyo maana mashabiki wakazipandisha mtandaoni wagawane. Hata ukurasa wa MySpace ulifunguliwa na mashabiki. Matokeo yake watu walikuja ukumbini maneno yote wameshayashika.

Mei 2005 wakatoa EP (rekodi ya nyimbo chache, fupi kuliko albamu) kwa lebo yao wenyewe, CD 500 na santuri 1,000 za inchi saba. Mwaka huohuo wakasaini na Domino, lebo huru, na Oktoba singo yao ikashika namba moja Uingereza. Albamu ya Januari 2006 iliuza zaidi ya nakala 360,000 wiki ya kwanza.

Kwa hiyo pangeni kwanza shoo tatu katika mji mmoja ndani ya miezi miwili, halafu toeni wimbo mmoja wiki mbili kabla ya kila shoo. Kumwaga kumi kwa mpigo bila shoo ni kutwanga maji kwenye kinu.

Fundi Maiki
Siku mbili ni nyimbo tatu. Nne kama mpiga dramu anaiweza kliki (mlio wa kuhesabu mapigo masikioni) bila kuyumba, na hilo mlijue mazoezini, si studio.

Siku ya kwanza iwe ya dramu na besi. Maiki nne zinatosha: kiki (dramu kubwa ya mguu), sneya (dramu ndogo ya mlio mkali), na mbili juu ya matoazi. Hizo mbili za juu ziwe umbali sawa kutoka kwenye sneya. Zikipishana, mlio mmoja unazifikia kwa nyakati tofauti, mawimbi yanauana, na sneya inasikika kama boksi la karatasi. Kosa hilo halirekebishiki vizuri kwenye miksi. Besi ipite kwenye kisanduku cha DI, kinachoiingiza moja kwa moja kwenye mashine ya kurekodi bila maiki.

Gitaa: maiki ikae sentimita 3 hadi 5 mbele ya spika, ielekee kati ya kitovu na ukingo wa koni. Kitovuni sauti inachoma, ukingoni inafifia. Mkwaruzo (distortion) upunguzeni kuliko wa jukwaani, maana magitaa mawili yakikwaruza kwa nguvu humfunika mwimbaji. Nyuzi mpya zifungwe jana yake; zikifungwa asubuhi ileile bado zinavutika, na korasi ya pili gitaa limeshatoka kwenye tuni.

Levo, yaani nguvu ya sauti inayoingia, isivuke -10 dB wakati wa kurekodi. Mkiondoka, chukueni WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya kila chombo, biti 24, kwenye diski yenu.

Mwanamikataba
Kabla ya studio, andikeni karatasi moja: nani katunga maneno, nani melodi, kila mmoja ana asilimia ngapi hadi zifike 100, na masta (rekodi zenyewe) ni za nani. Wote wanne wasaini. Andy Nicholson, mpiga besi wa hao hao Arctic Monkeys, aliondoka 2006, miezi michache baada ya albamu. Mtu akiondoka kwenu bila karatasi, wimbo unaweza kukwama miaka.

Pandisheni wimbo kwa msambazaji, kampuni inayoupeleka kwenye mitandao ya muziki, wiki nne kabla ya kutoka. Spotify inataka wimbo uwasilishwe kwa wahariri angalau siku 7 kabla ya kutoka. Jalada liwe pikseli 3000 kwa 3000, na majina ya watunzi yaandikwe vilevile kila mahali. Herufi moja ikibadilika, mirabaha inapotea njia.

Nyuzi Sita
Asanteni sana wakuu, tumekubaliana nyimbo tatu. Fundi, huo umbali wa maiki za juu tunaupimaje bila vifaa?

Fundi Maiki
Kwa kamba, mkuu, ila isiwe ya kuvutika. Ncha moja ishikwe katikati ya ngozi ya sneya, nyingine ifike kwenye kichwa cha maiki ya kwanza, karibu mita moja. Ibane hapo kwa kidole, izungushe mpaka ya pili, kisha sogeza stendi hadi kichwa kiguse kidole. Pima tena kila dramu akisogeza kiti.