Kiyoyozi cha miaka 14 kinashika barafu: nijaze gesi tena au nikibadilishe?

Mpangaji wa Juu (mwuliza swali)

Salamu kwenu nyote. Ninaomba ushauri wa watu wanaovifahamu viyoyozi kwa undani, kwa kuwa nimechoka kulipia tatizo lilelile kila mwaka. Kiyoyozi changu ni cha sehemu mbili, moja ukutani chumbani na nyingine nje, na kimefanya kazi kwa miaka 14. Kibandiko cha sehemu ya nje kinaonyesha kwamba kinatumia gesi ya R-22. Kwa miaka mitatu mfululizo, msimu wa joto unapoanza fundi huja, hupima, husema gesi imepungua, huijaza, na chumba hupoa vizuri kwa miezi michache kabla ya hali kurudi kama mwanzo.

Safari hii dalili zimeongezeka. Nikikiwasha, upepo hutoka wa baridi kwa dakika kama 40, kisha hupungua nguvu hadi nikiweka mkono mbele ya tundu ni kama hakuna kinachotoka. Juzi usiku nilifungua kifuniko cha mbele nikakuta mapezi ya alumini yamefunikwa na barafu nyeupe, na nilipokizima, maji yalichuruzika ukutani hadi sakafuni kwa karibu saa nzima. Aidha, sehemu ya nje wakati mwingine huvuma bila feni yake kuzunguka, halafu huanza baada ya muda. Je, hizi ni hitilafu tatu au ni moja? Na je, kuna maana ya kuendelea kukitengeneza?

Fundi Mstaafu

Pole sana, ndugu yangu. Naomba nianze na jambo ambalo ningependa kila mwenye kiyoyozi alijue: gesi haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikigeuka mvuke ndani ya chumba ili ichukue joto na kurudi kuwa kimiminika huko nje ili ilitupe, na mzunguko huo unaweza kuendelea miaka yote bila kuongezewa hata gramu moja. Kwa hiyo, kama kweli ilipungua mara tatu, basi ilivuja mara tatu, na aliyejaza bila kutafuta tundu alikuuzia miezi michache ya baridi tu.

Hata hivyo, tusikimbilie gesi. Barafu ina sababu kuu mbili, na zote hufikia mahali pamoja: mabomba ya ndani yanapoa kupita kiasi, yanashuka chini ya nyuzi sifuri, na unyevu wa hewa unaogandia juu yake unaziba njia ya upepo. Sababu ya kwanza ni upepo mdogo, kwa maana hewa ya chumba haipiti ya kutosha kuyapa mabomba joto. Ya pili ni gesi kupungua, kwa sababu shinikizo likishuka, gesi huchemka katika kiwango cha chini zaidi cha joto. Ukitaka kuzitofautisha bila vifaa, toka nje dakika 15 baada ya kuwasha, uangalie yale mabomba mawili ya shaba mahali yanapoingia kwenye mashine. Kwa mashine za aina yako, barafu ikianzia kwenye bomba jembamba, mara nyingi gesi ni pungufu. Ikishika bomba nene, shuku upepo kwanza.

Sasa kizime kwenye swichi kuu, acha barafu iyeyuke yenyewe, wala usiibandue kwa kisu, kwani mapezi ni laini na bomba lililo nyuma yake likitobolewa umemaliza kazi. Usiendelee pia kukitumia kikiwa na barafu: gesi isiyochemka yote hurudi kwenye kompresa, yaani pampu ya gesi iliyo katika sehemu ya nje, ikiwa kimiminika, na kompresa imeundwa kusukuma mvuke. Barafu ikishakwisha, toa vichujio uvioshe kwa maji ya kawaida na uvikaushe kivulini. Kisha chukua tochi umulike ndani ya tundu la kutolea upepo. Utaona gurudumu refu lenye umbo la pipa, lenye visahani vyembamba vingi. Kila kisahani kina mkunjo, na mkunjo huo ndio unaosukuma hewa; ukijaa vumbi lililoshikana kama gundi, gurudumu huzunguka kwa kasi ileile lakini halisukumi kitu. Katika mashine za umri huu ambazo huoshwa vichujio tu, mara nyingi tatizo huwa limejificha hapo. Fanya hayo, kisha utuletee majibu.

Mtu wa Umeme

Nakubaliana na Fundi Mstaafu. Mimi nitagusa ule mvumo wa nje tu. Feni inayovuma bila kuzunguka, kisha ikaanza baadaye, kwa kawaida ina kapasita iliyochoka au beringi zilizokauka. Kapasita ndiyo inayoipa mota msukumo wa kuanzia, na hupoteza uwezo wake polepole kwa joto la miaka mingi. Thamani yake huandikwa ubavuni kwa mikrofaradi pamoja na kiwango cha kupungua kinachoruhusiwa, mara nyingi asilimia 5 au 6. Ikishuka chini ya hapo, ibadilishwe. Iliyovimba juu au kutoa mafuta haihitaji hata kupimwa.

Ni kifaa cha gharama ndogo, lakini kukipuuza ni hatari, kwa sababu feni ya nje isipozunguka joto halitoki, shinikizo linapanda, na kompresa hufanya kazi ikiwa inaungua. Ninakusihi usikiguse mwenyewe. Kapasita hubaki na umeme hata baada ya swichi kuzimwa, na umeme huo unaweza kumwumiza mtu vibaya.

Mpangaji wa Juu (mwuliza swali)

Nawashukuru kwa moyo wote. Nimefanya kama mlivyoelekeza. Gurudumu lilikuwa limejaa uchafu mweusi kiasi kwamba sikuweza kuona nafasi kati ya visahani. Nilimwita mtu wa kuosha, akafunga mfuko wa plastiki chini yake, na maji yaliyotoka yalikuwa kama tope. Alizibua pia bomba la kutolea maji, ambalo lilikuwa na utando unaoteleza, na sasa maji hayachuruziki tena ukutani. Kapasita ya feni ilipimwa ikaonekana imeshuka karibu nusu, ikabadilishwa.

Upepo umerudi kwa nguvu ambayo nilikuwa nimeisahau. Nilipima kwa kipimajoto: hewa inayoingia juu ni nyuzi 28, inayotoka ni nyuzi 22. Hata hivyo, bomba jembamba la nje bado linashika barafu kidogo kwenye nati, na chini ya nati hiyo kuna doa la mafuta lililokusanya vumbi.

Fundi Mstaafu

Umefanya kazi nzuri, na umeshajijibu. Tofauti ya nyuzi 6 ni ndogo. Mashine yenye afya hutoa kati ya nyuzi 8 na 12 hivi. Doa la mafuta ndilo ushahidi wenyewe, kwa kuwa mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, na gesi inapotorokea huacha mafuta nyuma. Paka povu la sabuni juu ya nati mashine ikiwa imezimwa, uone kama litatoa mapovu.

Likitoa, usikubali nati ikazwe kwa nguvu tu. Ncha ya bomba iliyopanuliwa ndani yake huenda imepasuka. Kwanza gesi iliyobaki ikusanywe, ncha ikatwe na kutengenezwa upya, kisha mabomba yajaribiwe kwa naitrojeni. Baada ya hapo yavutwe hewa kwa pampu hadi yakauke kabisa, ndipo gesi iingizwe kwa kupimwa kwenye mizani, kulingana na uzito ulioandikwa kwenye kibandiko. Fundi asiyekuja na mizani wala pampu, mshukuru na umruhusu aende.

Msomaji wa Zamu

Nina wasiwasi na ushauri wa kutengeneza. R-22 hudhuru tabaka la ozoni, na kwa sababu ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 inaondolewa sokoni duniani kote. Marekani ilikwisha kuzuia utengenezaji na uingizaji wa R-22 mpya tangu tarehe 1 Januari 2020. Kwa nini mtu aweke fedha kwenye gesi inayozidi kuadimika? Si afadhali ajaze R-410A, gesi iliyokuja kuchukua nafasi yake, ndani ya mashine hiyohiyo?

Fundi Mstaafu

Hapana, na hapo naomba msikilizane nami sana. R-410A hufanya kazi kwa shinikizo linalozidi la R-22 kwa takribani asilimia 60, na mafuta yake ni ya aina nyingine. Mabomba na kompresa ya zamani havikuundwa kwa ajili hiyo. La hatari zaidi ni wanaojaza gesi zinazowaka, kama propani, ndani ya mashine za R-22 bila kumweleza mwenye nyumba. Gesi hiyo ikivuja ndani ya chumba kilichofungwa, cheche moja inatosha.

Kuhusu kuadimika, nakubaliana nawe. Uamuzi wangu ni huu: ikiwa uvujaji uko kwenye nati ya nje, itengenezwe, kwa kuwa ni kazi ya saa chache. Ikiwa uko kwenye mabomba ya ndani yaliyoliwa na kutu, au kompresa imeungua, basi usitoe hata senti. Na siku ya kufunga mashine mpya, mabomba ya zamani ya ukutani yaondolewe pia, kwa sababu yamebeba mafuta ya R-22.

Mpangaji wa Juu (mwuliza swali)

Nimepaka sabuni asubuhi hii. Mapovu yametoka upande mmoja wa nati, madogo na ya polepole, na kwenye nati ya pili hakuna kitu. Nimempata fundi mwenye mizani, atakuja Jumamosi.