Mteja amelipa kweli, au umefika ujumbe tu?

Muuza Khanga, Morogoro
Ndugu zangu, habari za leo. Ninauza khanga kwa picha ninazoziweka mtandaoni, na wateja wengi hunilipa kwa simu. Leo asubuhi mteja wa Mwanza ameagiza doti sita za shilingi 60,000, kisha nikapata ujumbe wa kupokea 160,000. Hazikupita dakika mbili akapiga, akisema kidole kiliteleza, na akaniomba nimrudishie 100,000 kwa namba ya dada yake. Bado sijatuma. Nitajuaje kama malipo haya ni ya kweli?

Wakala wa Msamvu
Dada, usitume chochote kabla ya kuangalia salio. Piga *150*00# kama unatumia M-Pesa, au *150*60# kama ni Airtel Money, uone mwenyewe kilichomo, kwa sababu ujumbe wa kupokea fedha unaweza kuandikwa na yeyote aliyewahi kuuona ule wa kweli. Ujumbe wa kughushi mara nyingi hutoka kwenye namba ya kawaida, ilhali wa kampuni huja kwa jina la huduma. Hata hivyo jina nalo huigwa, kwa hiyo mimi naamini salio peke yake. Wateja wangu waliolizwa kwa njia hii wote walisimulia mpigaji mwenye haraka: mara mgonjwa yuko hospitali, mara basi linaondoka.

Mhasibu Mstaafu
Naongeza jambo moja ambalo wakala hakuligusa. Hata salio likiwa limeongezeka kweli, usirudishe fedha kwa mkono wako, tena kwa namba ya mtu wa tatu. Mwambie aliyekosea apige huduma kwa wateja ya mtandao wake, muamala urejeshwe huko huko. La sivyo unaweza kumpa "dada" 100,000, kisha mwenye fedha halisi akadai zake, ukawa umelipa mara mbili.

Muuza Khanga, Morogoro
Nashukuru sana. Salio langu ni 4,300, kama lilivyokuwa jana usiku. Mzigo nilikwisha kuufunga, nimeufungua. Je, namba yake niipeleke wapi?

Wakala wa Msamvu
Usiufute ujumbe ule. Utume kama ulivyo kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, nawe utaulizwa namba iliyoutuma.