Tupeane uzoefu: kikao cha suluhu shuleni badala ya bakora

Mwalimu wa Zamu, Malindi: Uzi wa jana hapa, wa wanafunzi waliopigana bwenini, umenikumbusha jambo. Vikao vingi huharibika kabla havijaanza: wagomvi wanaitwa ofisini bado wanahema, wanaambiwa "peaneni mikono". Watamalizana njiani. Zungumza kwanza na kila mmoja peke yake. Aliyeumizwa akikataa kukaa na mwenzake, basi, msilazimishe. Anayekana kosa usimlete, atamtukana mwenzake mara ya pili mbele yako. Viti kwa duara bila meza, watu wasizidi kumi, na kitu kimoja cha kupokezana; kifuu chatosha, asiyekishika asikilize. "Kwa nini" iache, utaletewa visingizio. Uliza: kumetokea nini? Ulikuwa ukiwaza nini? Nani kaumia, vipi? Kifanyike nini mambo yatengenee?

Bint Langoni: Kweli tupu. Na Lamu kikao msikiweke jioni, watoto wa kijiji cha Shela watakuwa wanawaza mashua ya kurudi tu.

Mzee Kobe: Bakora mbili zingemaliza haya kabla ya chai.

Mwalimu wa Zamu, Malindi: Zingekumaliza wewe, mzee wangu. Viboko vimekatazwa: Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 29. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36.

Mzee Kobe: Na ukaidi uko kifungu gani?

Jirani wa Barani: Ngojeni nyinyi. Kuna shule simu iliibiwa bwenini. Kikao kikafanywa, samahani ikatolewa, makofi. Asubuhi mwalimu akamtaja paredi mtoto aliyetoa habari. Usiku akafunikwa blanketi, kundi zima likamshukia. Kashonwa nyusi.

Bint Langoni: Yallah! Na simu?

Jirani wa Barani: Haikulipwa. Hakuna aliyeandika makubaliano. Ni karatasi moja tu: nani, afanye nini, kufikia lini, sahihi. Baada ya wiki mbili waite tena muone kama yametimizwa. Na jina la shahidi halitoki nje ya chumba.

Dada wa Gaidansi: Mtoto aliyeguswa vibaya na mtu mzima, hiyo si kesi ya duara, hata wazee wa mtaa waje na kahawa yao. Polisi, afisa wa watoto, au piga 116, simu ya kusaidia watoto.

Mzee Kobe: Hapo niko nawe.

Bint Langoni: Na mzazi akija anafoka?

Dada wa Gaidansi: Maji baridi, kiti, umsikilize peke yake mpaka amalize. Akianza kusema "mwanangu hawezi kufanya hivyo", kikao kiahirishwe.

Mzee Kobe: Mimi ningemwongezea mahamri.