Mtoto anafunua vidirisha vya kitabu kabla sijasimulia: nimwache au nimzuie?

Mama Haruna, Ujiji

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Nina jambo, huenda kwa wengine ni dogo, lakini kwangu limekaa moyoni.

Mwanangu ana miaka miwili na miezi minne. Mwezi uliopita nilikwenda soko la Mwanga kutafuta sweta za mtumba, maana alfajiri upepo wa ziwani unamletea mafua. Muuzaji mmoja alikuwa ametandaza turubai la vitu vya watoto, na chini ya midoli nikaona kitabu cha kurasa ngumu, nene kama boksi, pembe zake zimekatwa mviringo zisimchome mtoto. Nikakilipia elfu tatu.

Ni ile hadithi ya binti wa kofia nyekundu anayempelekea bibi yake chakula kupitia msituni. Maandishi ni ya Kiingereza, kwa hiyo naangalia picha na kusimulia kwa Kiswahili. Kila ukurasa una kazi ya mkono. Kuna kiulimi pembeni, ukikivuta binti anatembea kutoka mti huu hadi ule. Kuna gurudumu, ukilizungusha maua yanabadilika rangi. Kuna mlango wa nyumba ya bibi, unafunguka kabisa. Na kitandani kuna shuka la boksi jembamba, ukilifunua unamkuta mbwa mwitu amelala na kilemba cha bibi kichwani.

Sasa, mtoto hanisubiri. Nikisema tu "Hapo zamani za kale", kidole kimeshafika mlangoni. Anafunua, anafunga, anafunua, anafunga, mimi bado niko sentensi ya kwanza. Juzi nimetoka kumlisha ugali na dagaa wa mawese, vidole vyote vyekundu, akarukia ukurasa wa kitanda. Nikamshika mkono. Akavuta kwa nguvu, na mimi nikavuta, shuka lote likabaki mkononi mwake.

Hakulia papo hapo. Aliliangalia, akamwangalia mbwa mwitu asiye na shuka, akalirudisha pale pale na kulibana kwa kiganja. Alipoinua kiganja likaanguka. Akalibana tena. Likaanguka. Hapo ndipo akalia, na mimi ikanichoma kwa sababu najua mkono uliovuta zaidi ulikuwa wangu.

Naombeni ushauri. Mtoto wa umri huu aachwe afunue anavyotaka, au nimfundishe kungoja hadithi? Lile shuka linatengenezeka? Na la mwisho, huyu mnyama mimi nimekuwa nikimwita fisi, maana fisi anamjua, anamsikia kwenye hadithi za bibi yake. Baba Haruna anasema naharibu: kitabu kina mbwa mwitu, sema mbwa mwitu.

Naomba kuwasilisha.

Mwalimu wa Awali, Tabora

Mama Haruna, pole sana. Nafundisha darasa la awali mwaka wa tisa huu. Jibu langu: mwache afunue.

Fikiria hadithi zetu zinavyoanza. Msimulizi anasema "Hadithi, hadithi!" na asipoitikiwa "Hadithi njoo" haendelei. Kitendawili hivyo hivyo, pasipo "Tega!" hakuna kitendawili. Msikilizaji wetu tangu zamani ana zamu yake. Huo mlango wa boksi unamngoja mwanao aitikie, naye anaitikia kwa kidole kwa kuwa mdomo bado haujapata maneno ya kutosha.

Shida yenu ni kwamba ninyi wawili hamjapanga zamu. Nikupe ninachofanya na wadogo zangu. Ukifika kwenye mlango, weka kiganja chako juu yake, usimshike mtoto mkono. Gonga boksi kwa kifundo cha kidole mara mbili: "Hodi!" Nyamaza. Akisema "Karibu", au hata "Ayibu", ondoa kiganja, afungue yeye. Siku ya kwanza hatajibu, utajibu wewe. Kufikia siku ya tatu au ya nne atakuwa anagonga mwenyewe. Hodi anaisikia kila siku mlangoni kwenu, haimtaki ajifunze kitu kipya. Inamfundisha kungoja bila wewe kutamka neno "ngoja".

Na usitake hadithi nzima kwa mkao mmoja. Mara ya kwanza kitabu ni cha mikono tu: afungue, avute, azungushe mpaka achoke. Hiyo mara ishirini unayoiona kama fujo, yeye anahakikisha kama mbwa mwitu bado yupo chini ya shuka. Kwa mtoto wa miaka miwili hilo ni swali kubwa. Mara ya pili, mikono ikishatulia, tia sentensi moja kwa kila ukurasa. Moja tu.

Darasani kwangu kitabu cha namna hii kiliisha vidirisha ndani ya wiki moja kwa sababu nilikiacha mezani kwa watoto arobaini. Sasa nakishika mimi na kila kidirisha kina mtoto wake wa kuitwa. Wewe una mmoja, una bahati, mpe chote.

Mjalidi, Kigoma mjini

Dada, hilo shuka linatengenezeka na litakuwa imara kuliko la kiwandani. Kazi yangu ni kujalidi vitabu na rejista, hivi vya watoto naletewa mara kwa mara, na karibu vyote vinakatika mahali pamoja: kwenye mkunjo. Boksi likikunjwa kila siku mahali pale pale nyuzi zake zinachoka.

Usitumie selotepu. Kwa joto letu gundi yake inayeyuka, inashika vumbi, mtoto anaibandua na kuila. Supagluu nayo inakauka ikawa kama kioo, mkunjo wa kwanza tu inapasuka. Uji wa muhogo tuliotumia utotoni kubandikia tiara unashika vizuri, ila mende na panya wanaupenda. Nina rejista moja iliyoliwa mgongo wote, sisahau.

Tafuta kipande cha kitenge kilichochakaa, laini. Kata utepe wenye upana wa vidole viwili, urefu sawa na upande wa shuka uliokatika. Pale boksi lilipochanika pana manyoya ya karatasi, yakwangue kwa kisu butu mpaka pawe tambarare. Paka gundi nyeupe ya seremala, kidogo, uisambaze kwa kidole. Nusu ya utepe ikae kwenye ukurasa, nusu iingie chini ya shuka, na katikati uache mwanya mwembamba kama uzi usio na gundi. Huo mwanya ndio bawaba. Ukiusahau, shuka litasimama wima halitalala. Tia nailoni pande zote mbili ili kurasa zisigandane, funga kitabu, weka juu yake ndoo yenye maji mpaka asubuhi.

Kile kiulimi kikikwama wakati wa masika usikilazimishe. Ni utepe wa boksi unaopita kati ya karatasi mbili zilizogundishwa kingo tu, ukinyonya unyevu unavimba. Kiweke kitabu mahali pakavu siku mbili, si juani, jua linapinda kurasa. Kisha sugua kiulimi kwa mshumaa.

Madoa ya mawese: kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo, upesi, kabla hayajaingia kwenye kingo ambako boksi liko wazi.

Mzee wa Gungu

Marahaba binti yangu. Nami niseme juu ya huyo mnyama, maana wewe na mumeo nyote mna haki.

Hadithi hiyo iliandikwa Ufaransa na Charles Perrault mwaka 1697. Kwake binti analiwa na hadithi inaishia hapo. Mwaka 1812 ndugu wawili wa Ujerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, waliitoa tena, na safari hii anakuja mwindaji, anapasua tumbo la mnyama, binti na bibi wanatoka wazima. Kwa hiyo wenyewe walikuwa wakiigeuza kadiri walivyoona inafaa masikio ya wasikilizaji wao. Usiogope.

Na mumeo naye amwangalie vizuri huyo mbwa mwitu. Mbwa mwitu wa nchi yetu, yule wa Ruaha, ana masikio makubwa ya duara na ngozi ya mabaka meusi, meupe na ya rangi ya kahawia. Wa kwenye kitabu nadhani ana masikio yaliyochongoka na rangi moja ya kijivu. Huyo ni mnyama mwingine wa Ulaya, tumemwazima jina tu. Kwa hiyo hata anayesema "mbwa mwitu" ameshatafsiri.

Ila fisi sikushauri, na sababu yangu ni hii. Fisi wa hadithi zetu ni mlafi anayedanganywa. Sungura anamfunga kamba, anamtia shimoni, watoto wanacheka. Huyu wa kwenye kitabu ndiye anayedanganya: anavaa nguo za bibi, anageuza sauti. Ukimwita fisi, siku mtoto atakapokutana na fisi wa bibi yake atachanganyikiwa. Kwetu anayejigeuza na kuita watoto kwa sauti ya uongo ni zimwi. Bibi yangu alinisimulia zimwi lililomfungia binti ndani ya ngoma, likazunguka vijijini likimwimbisha, watu wakidhani ngoma ndiyo inayoimba. Mpaka leo nikisikia ngoma ya mbali usiku namkumbuka huyo binti.

Zimwi hata hivyo halina sura, na mtoto anaona mnyama mwenye mkia. Mwite mbwa mwitu, na ukifika kitandani geuza sauti yako, iwe nzito. Sauti ndiyo itakayomwambia huyu ni nani.

Muuguzi

Naongeza moja kwa sababu kitabu ni cha mtumba. Chako hakina sauti, lakini vipo vyenye kitufe cha kubonyeza kikalia. Ndani mna betri ndogo bapa, kama za saa. Mtoto akiimeza ikakwama kwenye umio, inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Kifuniko cha betri lazima kiwe kimefungwa kwa skrubu. Kama skrubu haipo, toa betri kabla kitabu hakijafika kwa mtoto. Na akimeza usingoje kuona dalili, kimbia hospitali.

Halafu kagua ile pini inayoshika gurudumu kama imelegea. Kipimo cha usalama wa vitu vya watoto walio chini ya miaka mitatu ni tundu lenye upana wa milimita 31.7: kinachoingia chote humo kinaweza kumkaba. Hata lile shuka lililokatika, kama ni dogo, usimwachie achezee.

Mama Haruna, Ujiji

Nimerudi, asanteni nyote. Imepita wiki mbili.

Mzee wangu, ni kweli, masikio yamechongoka. Nimemwonyesha baba Haruna, akakaa nalo muda mrefu, kisha akasema basi yeye ndiye atakayefanya ile sauti. Anaifanya kila jioni akirudi. Muuguzi, pini ilikuwa inacheza, nimeondoa gurudumu lote, hajaliulizia.

Mjalidi, nilitumia kipande cha kitenge cha mama yangu cha kubebea watoto, alichonibebea mimi na wadogo zangu. Mara ya kwanza nilisahau mwanya, shuka likasimama kama ulivyosema. Nikabandua, nikaanza upya. Sasa kando ya kitanda cha yule bibi wa Ulaya kuna utepe wa kitenge cha manjano, na mtoto anaupapasa kwa kidole gumba kabla ya kufunua.

Mwalimu, hodi ilichukua siku tano. Siku nne nilijibu mwenyewe. Siku ya tano tulikuwa mkekani chini ya mwembe, nikagonga, nikanyamaza, akanitazama usoni muda hata nikadhani amesinzia macho wazi, akasema "Abu". Nikaondoa kiganja. Alifungua taratibu, kwa vidole viwili.

Kwenye shuka hatugongi, yeye mwenyewe ameamua hivyo. Analifunua, anamwangalia mbwa mwitu, analirudisha, analipigapiga kwa kiganja kama ninavyompigapiga yeye mgongoni usiku, anamwambia "Lala". Kisha ananigeuzia ukurasa.

Kiulimi bado kinakwama kidogo. Leo nanunua mshumaa.